Ofisi saba, laini zinazokatika: nilivyochagua mfumo wa kuzifuatilia

Taasisi yetu inakopesha wakulima na wafanyabiashara wadogo. Makao makuu yako Mbeya mjini. Matawi yako Tukuyu, Vwawa, Makambako, Njombe, Mafinga na Iringa. Ukiacha Tukuyu na Njombe, ofisi zote zimepangana kwenye barabara kuu ileile iendayo Zambia, na faiba tunayolipia imefukiwa kando ya barabara hiyohiyo. Mtu akichimba shimo bila uangalifu kati ya Chimala na Igurusi, upande wote wa mashariki unatupotea kwa mkupuo. Tukuyu iko kivyake, kilomita kama 70 kuelekea Kyela, na mvua zake zisizoisha. Njombe nayo iko kivyake, juu kwenye baridi.

Kazi ya mifumo ni yangu, nikisaidiwa na kijana mmoja anayekaa Iringa. Kwa muda mrefu taarifa ya hitilafu ilikuwa inanifikia kwa njia moja tu: simu. "Dada, mtandao hakuna." Kwa mtu wa tawini maneno hayo yanatosha, na sina haki ya kumdai zaidi. Lakini kwangu yanaweza kuwa na maana kumi. Umeme umekatika. Bando la laini ya akiba limeisha. Waya umechomolewa wakati wa kudeki. Seva imejaa. Mnara wa kampuni ya simu umezima. Mfumo wa mikopo wenyewe umekwama huku Mbeya na tawi halina tatizo lolote. Nikikosea kukisia, nimepanda basi la Njombe kufuata hitilafu ambayo haiko Njombe, na wakati huo mkulima aliyetoka Makete na gari la alfajiri kuja kuchukua mkopo wa mbolea anaambiwa arudi kesho. Hilo la mkulima ndilo linaloniuma. Nauli yake hairudishwi na mtu.

Jambo lililonisukuma kuanza kutafuta mfumo wa ufuatiliaji kwa nguvu ni la Mei 2024. Tarehe 12 mwezi huo nyaya mbili za chini ya bahari zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikadhoofika Afrika Mashariki nzima. Siku zilizofuata kila tawi lilinipigia, na kila tawi lilikuwa limeshazima na kuwasha ruta mara kadhaa. Ruta zilikuwa nzima. Laini kati ya matawi na Mbeya zilikuwa nzima. Kilichokuwa kibovu kilikuwa baharini, mbali kabisa na sisi, na mfumo wetu wa mikopo, ambao seva yake iko hapahapa Mbeya, ungeweza kuendelea kutumika kama kungekuwa na mtu wa kuwaambia hivyo watu wa matawi. Hakuna aliyekuwa na picha nzima, mimi nikiwemo.

Naandika haya kwa ajili ya wenzangu walio kwenye SACCOS, hospitali za misheni, vyama vya ushirika, na shule zenye kampasi mbili tatu. Ukitafuta mtandaoni utakuta orodha ndefu za programu za kufuatilia mitandao, zimepangwa kwa uzuri wa grafu na wingi wa vitu zinavyoweza kupima. Orodha hizo huandikwa na watu ambao laini zao hazikatiki. Kwa ofisi za huku nyanda za juu, swali la kwanza ni hili: laini kati ya tawi na makao makuu ikikatika, mfumo unafanya nini?

Jibu la mifumo mingi ni kwamba haufanyi kitu. Seva ya katikati inauliza kila kifaa hali yake kila dakika. Kifaa kisipojibu inaandika kwamba kimekufa, na inaendelea kusubiri. Laini ikirudi, grafu ina pengo. Sasa pengo hilo ndilo saa nilizohitaji kuziona kuliko zote. Je, umeme ulitangulia kukatika, au laini? Seva ilizima yenyewe au ilizimwa? Joto la chumba lilipanda? Mfumo unaokumbuka siku za raha tu hautanisaidia.

Swali la pili ni la anwani. Matawi yetu mawili yanatumia laini za 4G kama njia kuu, na mengine yanazitumia kama akiba. Ruta ya 4G haipewi anwani yake ya umma. Inakaa nyuma ya anwani moja pamoja na wateja wengi wa kampuni hiyo. Maana yake ni kwamba seva iliyoko Mbeya haiwezi kubisha hodi kwenye ruta hiyo. Lazima tawi ndilo lianze kuita makao makuu. Unaweza kuzunguka tatizo hili kwa VPN, yaani njia ya siri inayopita juu ya intaneti, nasi tunayo, lakini VPN ikianguka kabla ya laini yenyewe, nataka bado nijue.

Swali la tatu ni bando. Nilipiga hesabu nikiwa na kikokotoo mkononi. Pingi ni ujumbe mfupi wa kukiuliza kifaa kama kipo. Pakiti yake moja, yaani kifurushi kimoja cha data, ina baiti 84, kwenda na kurudi 168. Ukipiga pingi tatu kila dakika, kwa siku 30 unatumia kama megabaiti 22 kwa kifaa kimoja. Kwa faiba si kitu. Kwa bando la akiba, ukiweka vifaa kumi na tano kila tawi na bado hujagusa bandari za swichi (matundu ya nyaya kwenye kifaa kinachounganisha kompyuta za ofisi), unamaliza bando la wateja kwa kuhesabu vifaa.

Basi nikaanza kupima programu zenyewe.

PRTG ya Paessler, kampuni ya Nuremberg, Ujerumani, ndiyo iliyonipendeza macho haraka kuliko zote. Unaisimika kwenye Windows, inatafuta vifaa yenyewe, na baada ya muda mfupi una ramani. Ni bure kwa vihisi 100. Tatizo ni kwamba kila kitu unachopima ni kihisi kimoja: bandari moja ya swichi ni kihisi, diski moja ni kihisi, pingi ni kihisi. Swichi ya bandari 24, moja kila ofisi, ni vihisi 168, na bado hujafika kwenye seva. Baada ya hapo ni leseni ya kulipia. Ina uwezo wa kuweka kituo kidogo kila tawi, lakini kituo chake cha kawaida kingenitaka kompyuta ya Windows inayowaka usiku na mchana kila ofisi. Kwa taasisi yenye bajeti ya kutosha na ofisi moja kubwa ningeipendekeza bila kusita. Ya kwetu siyo hiyo.

LibreNMS niliipenda sana na bado ninaipenda. Ni ya chanzo huria, yaani msimbo wake uko wazi kwa yeyote, ilijitenga na programu ya Observium mwaka 2013, na kwa kusoma vifaa vya mtandao kupitia SNMP, lugha ambayo vifaa hivyo hutumia kueleza hali yake, sijaona inayoizidi kwa urahisi. Unaipa anwani ya ruta, inakuletea kila kitu. Lakini ukitaka kusambaza kazi ya kukusanya takwimu kwenye ofisi nyingi, vituo vyake vya tawini vinahitaji kufikia hifadhidata ya katikati muda wote. Laini ikikatika, kituo cha tawi kinakosa pa kuandikia. Tumerudi kwenye swali la kwanza.

Prometheus, iliyoanzia kampuni ya SoundCloud mwaka 2012, ni kazi nzuri ya wahandisi waliokuwa na huduma nyingi zinazozaliwa na kufa ndani ya kituo kimoja cha data. Kwa kawaida yake seva ndiyo inayokwenda kuchota takwimu kwa kila kifaa, na kwa laini zetu za 4G huo ni mlango uliofungwa. Zipo njia za kuigeuza, ila ningekuwa nashona koti upya ili linitoshe. Nagios niliikuta tangu chuo; inafanya kazi, lakini kila badiliko ni faili la kuandika kwa mkono, na kijana wangu wa Iringa angebaki hana msaada siku ambayo mimi sipo. The Dude ya MikroTik, watengenezaji wa ruta, ni ya bure na ramani yake inavutia, nami naendelea kuitumia kwa kuangalia ruta tu.

Nilichochagua ni Zabbix. Aliyeianzisha ni Alexei Vladishev, kule Latvia, mwaka 1998, na toleo la kwanza la umma lilitoka 2001. Yote ni ya chanzo huria. Hakuna toleo la maskini na toleo la matajiri. Kampuni yenyewe inaishi kwa mafunzo na huduma za msaada. Makao yake ni Riga, mji uleule zinakotoka ruta za MikroTik ambazo nusu ya mafundi wa Tanzania tunazifunga kila siku.

Sababu ya kuichagua ni kipande kimoja kinachoitwa proksi. Ni programu ndogo unayoiweka kwenye kompyuta ndogo tawini. Yenyewe ndiyo inayouliza ruta, swichi, seva na UPS (betri za akiba za umeme) za pale pale, kwenye mtandao wa ndani, bila kugusa bando. Inaandika majibu kwenye hifadhidata yake ndogo ya SQLite, kisha inayabana na kuyatuma Mbeya. Ukiiweka katika hali ya kujituma, yenyewe ndiyo inayoita makao makuu kupitia bandari 10051 (hapa ni namba ya mlango wa programu, si tundu la swichi), kwa hiyo habari ya anwani ya umma inaisha. Na laini ikikatika, inaendelea kupima na kuandika. Laini ikirudi, inamwaga yote iliyoyaweka, kila kipimo kikiwa na saa yake halisi.

Hapa kuna mpangilio mmoja ambao usipouangalia utakunyima faida yote. Unaitwa ProxyOfflineBuffer. Usipoubadilisha, proksi inatunza akiba ya saa moja tu. Mwisho wake ni saa 720, yaani siku 30. Kwetu nimeweka 72, kwa sababu faiba ikikatwa Ijumaa jioni, Jumatatu asubuhi nataka nione wikendi nzima.

Jambo la pili ni kompyuta yenyewe. Watu wengi hupendekeza Raspberry Pi, na ni kifaa kizuri, lakini matoleo yake kabla ya Pi 5 hayana saa inayotembea wakati umeme haupo. Fikiria tawi ambalo umeme na laini vimekatika pamoja, jambo la kawaida kabisa wakati wa masika. Umeme unarudi, laini bado. Pi inawaka bila kujua ni saa ngapi, wala haina intaneti ya kuulizia, na inaanza kuandika vipimo kwa saa ya uongo. Akiba yote inachafuka. Tena kadi zake za kumbukumbu hazivumilii kuzimika ghafla. Mimi nilinunua kompyuta ndogo za ofisi zilizotumika, zenye betri ya saa kwenye ubao na diski ya SSD, na kabla ya kuzipeleka tawini nilibadilisha betri hizo za saa zote. Ni betri ya mviringo ya CR2032, inauzwa dukani kwa bei ndogo. Usiache kuibadilisha.

UPS zetu hazina kadi ya mtandao, kwa sababu kadi hizo ni ghali. Lakini nyingi zina waya wa USB. Programu huria iitwayo NUT inasoma UPS kupitia waya huo: voltiji inayoingia, asilimia ya betri, muda uliobaki. Kompyuta ileile ya proksi inafanya kazi hiyo pia. Sijapata faida kubwa kuliko hii katika mradi mzima.

Tukuyu ndiyo mfano. Tawi lile lilikuwa linapotea mvua ikinyesha, na sote, pamoja na kampuni inayotuuzia laini, tulikuwa tumekubaliana kwamba ni mnara. Siku ya kwanza ya mvua kubwa baada ya kuweka proksi, tawi likapotea kama kawaida. Liliporudi, akiba ikamiminika, nikaisoma kwa mpangilio wa dakika. Voltiji ilishuka hadi chini ya 180. UPS ikahamia kwenye betri. Betri, ambayo UPS ilikuwa inaisema imejaa, ikaisha baada ya dakika chache sana. Ruta ikafa pamoja nayo. Mnara ulikuwa unafanya kazi muda wote. Tulibadilisha betri ya UPS, na tukaweka kidhibiti cha umeme mbele yake. Meneja wa tawi, mama mtulivu asiye na maneno mengi, alinipigia baada ya mvua iliyofuata kuniambia tu kwamba wateja wamehudumiwa mpaka saa kumi.

Upande wa Vwawa mambo yalikwenda kinyume. Tulidhani umeme, kumbe laini kweli. Pakiti zilikuwa zinapotea kuanzia hatua ya kwanza nje ya ofisi yetu, kila jioni, saa zilezile. Nilipowapelekea watoa huduma grafu yenye saa na asilimia, mazungumzo yalibadilika. Hawakuniambia tena nizime ruta niiwashe. Walituma fundi.

Kwa sababu ya yale ya Mei 2024, kila tawi sasa linapima ngazi nne: ruta yake, hatua ya kwanza ya mtoa huduma, seva yetu ya Mbeya, na anwani moja iliyo nje ya nchi. Ngazi ya nne peke yake ikianguka, ujumbe unaokwenda matawini unasema hivi: "Intaneti ya nje ina shida. Mfumo wa mikopo unafanya kazi. Endeleeni kuhudumia." Ningetoa chochote kuwa na sentensi hiyo wakati ule.

Nimetumia muda mwingi kwenye jumbe kuliko kwenye grafu, na nadhani ndivyo inavyopaswa. Kwanza, unapaswa kuueleza mfumo nani anamtegemea nani. Ruta ya Mafinga ikizima, swichi, seva, printa na kamera za Mafinga zote zinaonekana zimekufa. Bila kuweka utegemezi huo utapokea jumbe ishirini kwa kosa moja, na baada ya juma utaacha kuzisoma. Pili, ujumbe uende kwa mtu anayeweza kufanya jambo. Mlinzi wa Makambako ndiye mwenye ufunguo wa jenereta, basi ujumbe wa umeme wa Makambako unakwenda kwake moja kwa moja: "Shikamoo mzee. Umeme wa ofisi umekatika, betri imebaki na dakika 10. Tafadhali washa jenereta." Salamu imo ndani ya kiolezo, kwa sababu mzee yule ni wa rika la baba yangu na mashine inamwandikia kwa niaba yangu. SMS ina herufi 160, salamu inaenea.

SMS, ndiyo. Arifa za kawaida zinakuja Telegram, lakini arifa ya kukatika kwa intaneti haiwezi kupita kwenye intaneti hiyohiyo. Zabbix inajua kutuma SMS kupitia modemu ya laini ya simu iliyochomekwa kwenye seva, bila programu ya ziada. Weka laini ya kampuni tofauti na ile inayokuletea intaneti, na mkabidhi mtu wa uhasibu kazi ya kuongeza salio kila mwezi.

Halafu kuna swali la nani anaiangalia seva ya ufuatiliaji yenyewe. Mbeya ikizima yote, kimya kitafanana na usalama. Kwa hiyo Iringa kuna hati fupi ya programu inayopiga pingi Mbeya kila dakika na ina modemu yake. Mbeya isipojibu kwa dakika tano, kijana wangu na mimi tunapata SMS kutoka Iringa. Ni mistari michache tu, nayo inanipa usingizi.

Kuhusu usalama, nitasema kwa ukali kidogo. Mfumo wa ufuatiliaji unajua kila kifaa chako, na mara nyingi umepewa funguo zake. Desemba 2020 dunia iligundua kwamba wavamizi walikuwa wamepenyeza programu yao ndani ya masasisho ya SolarWinds Orion, mfumo wa aina hii hii unaotumiwa na mashirika makubwa na idara za serikali ya Marekani. Wateja wapatao 18,000 walipakua sasisho hilo. Sisi ni wadogo, lakini tunashika fedha za watu. Kwa hiyo: ufuatiliaji upewe ruhusa ya kusoma tu, kamwe si ya kubadilisha. Neno la kuingilia "public" ambalo vifaa vingi huja nalo kwenye SNMP liondolewe siku ya kwanza, na kama kifaa kinakubali SNMP toleo la 3, tumia hilo, maana matoleo ya nyuma hupitisha neno hilo waziwazi. Ukurasa wa Zabbix usifunguliwe kwa dunia nzima; uingie kwa VPN. Mawasiliano ya proksi na seva yafungwe kwa ufunguo wa siri. Ni mistari michache kwenye faili la mipangilio.

Kwa anayeanza leo, simika toleo la 7.0, lililotoka Juni 2024, ambalo ni la kuhudumiwa kwa miaka mitano. Usiunganishe matawi yote kwa pamoja. Chukua tawi linalosumbua kuliko yote, liwekee proksi, soma takwimu zake kwa wiki kadhaa, rekebisha viwango vya arifa mpaka kila ujumbe unaokuja uwe wa kweli, ndipo uende la pili. Mimi nilianza na Tukuyu.

Sasa tunafungua Sumbawanga. Kompyuta ya proksi itatangulia kufika kabla ya kompyuta za watumishi, na akiba yake nimeiweka saa 168, wiki nzima, kwa kuwa tawi litaanza na laini moja tu ya 4G. Kama una ofisi Sumbawanga mjini na umeshapima laini za kule, hasa nyakati za jioni, niandikie unatumia mtandao upi na pakiti zako zinapotea kiasi gani.